Nunua maji, kahawa beba mwenyewe

Saa kumi na moja alfajiri, Mutukula. Foleni ya malori bado haijasogea, abiria wa basi wameshuka kunyoosha miguu, na kila mmoja anatafuta kitu cha moto. Kwenye kibanda cha pembeni wengi wananunua kikombe cha maji ya moto, unga kidogo wa kahawa ya kuyeyuka na sukari vijiko vinne ili kinywe upesi.

Kando yao ameketi mama mmoja juu ya robota la vitenge. Ametoa mfukoni kikombe cha bati, kopo dogo na kipande cha kitambaa cheupe. Baada ya dakika chache harufu inawageuza watu shingo.

"Shikamoo mama. Kahawa hiyo umeipata wapi hapa?" nikamuuliza.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja nayo. Hapa nimenunua maji tu."

Jibu hilo linamfaa kila anayeishi kwa kuvuka mipaka. Sisi tunaopita Mutukula, Namanga, Busia, Malaba na Rusumo tunasafiri ndani ya nchi za kahawa. Kagera na sehemu kubwa ya Uganda ni nyumbani kwa robusta. Miteremko ya Kilimanjaro na ya Mlima Elgon, Kenya, Rwanda na Burundi hutoa arabika inayosifiwa mbali. Hata hivyo, mkulima na mchuuzi wa huku mara nyingi huinywa ikiwa hafifu, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kahawa nzuri ni ya hoteli yenye mashine kubwa. Sivyo. Inahitaji vyombo vichache, kipimo na saa.

Vyombo vya kubeba

Kikombe cha bati chenye mfuniko. Kijiko kikubwa kimoja. Kopo linalofunga barabara. Kitambaa safi cha pamba, kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato. Chupa ya chai ya nusu lita. Vyote pamoja na kahawa yenyewe havizidi kilo moja, na vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Jiko halihitajiki. Kila stendi ina mama lishe mwenye birika motoni, na ukiomba maji utauziwa kwa bei ndogo. Sharti ni moja: yaone yakichemka kwa macho yako, kwani maji ya vuguvugu hayatoi ladha na hayaui vijidudu vya kuhara.

Kipimo na saa

Kwa lita moja ya maji weka gramu 60 za kahawa. Kwa kikombe cha robo lita hizo ni gramu 15, yaani vijiko vikubwa viwili vilivyojaa kwa kilima. Wengi huweka nusu ya hapo, kisha huichemsha muda mrefu ili ipate rangi. Rangi wanaipata, lakini ladha inageuka uchungu.

Mimina maji juu ya kahawa, koroga mara moja, funika. Subiri dakika nne. Kisha nyunyiza kijiko kimoja cha maji ya baridi juu yake, machicha yatazama chini. Chuja polepole kwa kitambaa au mimina taratibu ukiacha machicha chini ya kikombe. Kama kahawa yako imesagwa laini kama unga wa ngano, dakika mbili au tatu zinatosha. Usagaji unaofaa kwa njia hii ni wa chengachenga, mfano wa sukari ya dukani.

Mahali ulipo pia pana sehemu yake. Dar es Salaam au Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, hivyo yaache yapoe kwa muda wa dakika moja kabla ya kumimina. Kila unapopanda mita 300 kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja. Kigali ni kama nyuzi 95, na Kabale, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kama 93. Huko mimina mara tu yanapochemka, na usichelewe.

Kahawa ya dele ya pwani, ile ya tangawizi inayonywewa kwa vikombe visivyo na mkono pamoja na kashata, ina utaratibu wake wa kuchemshwa, na haikosolewi hapa. Wala ya kuyeyuka, kama ile inayotengenezwa na kiwanda cha Tanica mjini Bukoba, haina kosa pale dereva anapopiga honi. Lakini ukiwa na dakika tano, huna sababu ya kuikosa iliyo bora.

Hesabu ya mfanyabiashara

Paketi ya gramu 250 hutoa vikombe 16. Chukua bei ya paketi ya mahali ulipo, gawanya kwa 16, ongeza bei ya maji, halafu linganisha na unacholipa kibandani. Fanya hesabu hiyo kwa safari zako za mwezi mzima.

Nunua kiasi kidogo mara kwa mara. Kahawa iliyosagwa huanza kupoteza harufu ndani ya wiki moja au mbili baada ya kufunguliwa. Punje nzima hustahimili zaidi. Pia hunyonya harufu za jirani upesi. Ukisafiri na samaki wakavu au sabuni, kopo lako likae mbali nazo. Na chupa iliyozoea chai ya maziwa itaipa kahawa ladha ya maziwa ya jana, hivyo tenga moja ya kahawa. Isuuze kwa maji ya moto kabla ya kujaza, na tia kahawa iliyokwisha kuchujwa, maana machicha yakilala humo hadi jioni yataleta uchungu.

Forodhani, paketi moja ya dukani ya matumizi yako, iliyokaangwa na yenye lebo, si sawa na gunia la kahawa ghafi. Kahawa ghafi ina leseni na vibali vyake, na magendo ya kahawa kati ya Kagera na Uganda yamewaponza wengi kwa miaka mingi. Mtu akikuomba umvushie kiroba, mkatalie.

Usilipie kikombe kwa uhai

Kuna jambo moja lisilo la mzaha. Usiku wa baridi, baadhi ya madereva na wachuuzi huwasha jiko la mkaa ndani ya kabini au chumba cha gesti kilichofungwa, wachemshe maji na kuota moto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi, na aliyelala anaweza asiamke tena. Jiko la mkaa liwake nje, na lisiingizwe ndani hata likibaki majivu yenye moto. Mtungi wa gesi nao usipande basi.

Wala kahawa haiwi badala ya usingizi. Robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, ndiyo maana madereva huipenda. Lakini kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na saa tano baadaye takriban nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi na moja jioni kinaweza kukukesha gesti, kesho yake ukahesabu noti ukiwa unasinzia. Dereva aliyechoka anywe kikombe kimoja, aegeshe gari mahali salama, alale dakika 20, ndipo aendelee. Mjamzito apunguze, vikombe viwili vidogo kwa siku vinamtosha.

Pale Mutukula basi lilipopiga honi, yule mama alimwaga machicha, akapangusa kikombe kwa kitambaa na kukirudisha mfukoni. Kabla hajapanda alinipimia vijiko viwili kwenye karatasi.

"Masaka mtasimama," akasema. "Omba maji, uhesabu dakika nne. Usikoroge-koroge."