Mchango wa mbali, mkono wa karibu

Mtu akifariki asubuhi mtaani Biryogo, mara nyingi huzikwa siku hiyohiyo. Zamani vijana walitumwa huku na huko kupeleka habari, na ndugu wa Kampala au Bujumbura huenda akapigiwa simu maiti keshazikwa. Siku hizi "Inna lillahi" huingia kwenye kundi la WhatsApp kabla hata sanda haijanunuliwa, na aliye Dubai huisoma sawia na jirani wa ukuta mmoja.

Biryogo imo wilayani Nyarugenge, Kigali. Enzi za Wabelgiji Waislamu wasemao Kiswahili walitengewa makazi hapa, kwa hiyo kusaidiana hakukuwa suala la hiari. Leo sehemu ya barabara zake, zilizofungiwa magari tangu 2021 na kupakwa rangi, hujaa wanywaji wa chai ya nanaa, simu mkononi.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni orodha ya michango. Mmoja huandika jina lake na kiasi. Anayefuata hunakili, huongeza lake chini, huirudisha kundini. Mweka hazina akishapokea pesa kwa MoMo, yaani pesa za simu, huweka alama ya vema kando ya jina. Mchango uliokuwa ukifichwa ndani ya bahasha sasa husomwa na ukoo mzima. Wapo watoao kwa moyo, na wapo watoao kwa kuwa shemeji yao ameshajiandika elfu kumi. Mfiwa hana haja ya kuwachambua.

Faida ya watu wa mbali, hata katika kutafuta kazi, ilishaonekana kabla ya mitandao. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alieleza kuwa waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, wengi wao waliambiwa na mtu wasiyeonana naye mara kwa mara. Rafiki wa chanda na pete anajua yaleyale unayoyajua wewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu watumiaji milioni 20 wa LinkedIn ukaongeza jambo: anayefaa zaidi ni wa mbali kiasi, si yule mnayejuana kwa jina tu.

Lakini kazi ni kazi, na ugonjwa ni ugonjwa. Mgonjwa akilazwa hospitalini, nchini Rwanda huhitaji umurwaza, yaani mtu wa kukaa naye, kumletea chakula na kumfulia. Kazi hiyo haitumwi kwa simu. Kundi la watu mia mbili litajaa dua na "pole sana". Atakayelala pembeni ya kitanda ni dada, mke au jirani wa siku zote.

Tena msaada wa simu hupita njia zilizokwisha kuchongwa. Tetemeko lilipolipiga eneo la Ziwa Kivu tarehe 3 Februari 2008, Wanyarwanda waliwatumia walioathirika salio la simu. Joshua Blumenstock na wenzake walipochunguza kumbukumbu za mtandao wa simu, waliona kuwa waliotumiwa zaidi walikuwa wenye uwezo, na wale waliowahi kuwatumia wengine. Aliyekuwa hana, hakukumbukwa sana.

Mwezi Machi 2020 Rwanda ilipofunga shughuli kwa sababu ya korona, ada za kutumiana pesa kwa simu ziliondolewa. Kufikia mwisho wa Aprili watu walikuwa wakitumiana takriban faranga bilioni 40 kwa wiki, mara kadhaa ya kiwango cha mwanzoni mwa mwaka. Ni mkono mkubwa, ila ulimfikia mwenye namba ndani ya simu za watu.

Kibarua aliyekosa mjomba wa Brussels na kundi la ukoo alitegemea kitu kingine kabisa: isibo, ngazi ya chini kuliko zote katika utawala, yenye nyumba chache tu. Viongozi wa ngazi hizo za chini ndio walioorodhesha wasio na kitu, na unga na maharage ya serikali yakapelekwa mlango kwa mlango.