Tebo ya Sita Kwenye Trei la Mayai

Nyuma ya daftari nyingi za shule huchapwa tebo za kuzidisha, mara nyingi hadi kumi na mbili mara kumi na mbili. Majibu 144. Mtoto wa darasa la tatu akiyatazama huona mlima.

Mlima huo ni mfupi kuliko unavyoonekana. Chukua tebo za moja hadi kumi, majibu 100. Tatu mara saba ni sawa na saba mara tatu, kwa hiyo yanabaki 55. Toa tebo ya moja na ya kumi, ambazo hazimshindi mtoto. Toa ya mbili, maana ni kujumlisha namba na namba hiyohiyo, na ya tano, ambayo huishia na 0 au 5. Ya tisa imo vidoleni: kwa tisa mara nne, mtoto hunyoosha vidole kumi na kukunja cha nne kutoka kushoto. Kushoto vinabaki vitatu, kulia sita: 36. Ya kukariri sasa ni 15 tu.

Kwamba namba zikigeuzwa jibu halibadiliki, watoto wengi hawaamini mpaka waone. Trei la mayai lina safu tano za mayai sita. Lizungushwe, ni safu sita za mayai matano, na mayai ni yaleyale 30. Bao la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane, yaani 32, na kete 64: nane mara nane. Mtoto anayecheza bao na babu yake barazani ameshazishika tebo hizo mkononi.

Kuimba tebo kwa mfululizo kuna mtego. Ukimuuliza saba mara nane, mtoto huanza upya na saba mara moja. Heri maswali yarukeruke, daftari likiwa limefungwa, dakika tano kila jioni. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika tangu 1885 kuwa mazoezi yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Fimbo haina nafasi hapa. Mtoto anayesubiri kofi huwaza kofi, si hamsini na sita. Akikosea aambiwe jibu, alirudie, na swali lilelile lirudi baada ya mengine mawili matatu.

Mzazi aliyesahau tebo naye asijifiche. Achukue daftari la mtoto, na waulizane kwa zamu wakati wali unaiva.