PAKA ALIYEHASIWA ANAPONYUNYIZA MKOJO NDANI: TUFANYE NINI?



Wapenzi wanafunzi, wengi wenu mnalijua jambo lililotusumbua hapa madrasani kwetu Irente. Tulimfuga paka dume kwa sababu ya panya waliokuwa wakitafuna mikeka na juzuu zenu. Alipoanza kunyunyiza mkojo ndani, tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwa, tukidhani mambo yamekwisha. (Katika kuhasi kwenyewe wanachuoni wana kauli tofauti, sisi tulifuata kauli ya wanaoruhusu penye haja, pasipo kumtesa mnyama.) Miezi miwili ikapita, na bado tukawa tunakuta ukuta wa chini ya dirisha umelowa. Siku moja tukakuta mguu wa kabati la misahafu umelowa pia. Mzazi mmoja akashauri atiwe kwenye gunia akaachwe Mombo.

Watu wa milima hii hawafugi paka kwa mapambo. Wilaya ya Lushoto ilipatwa na tauni kuanzia mwaka 1980, ikajirudia kwa zaidi ya miaka 20, hasa upande wa Shume, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Paka peke yake si kinga ya tauni, kwani naye anaweza kuambukizwa, lakini hupunguza panya. Basi kabla ya kumtupa tuliuliza, tukasoma na tukajaribu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. KUNYUNYIZA SI KUKOJOA

Paka anayekojoa huchuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni. Anayenyunyiza husimama, huupa ukuta mgongo, huinua mkia unaotetemeka na kurusha mkojo kidogo nyuma yake. Hiyo ni alama yake: anatangaza kuwa mahali hapo pana mwenyewe. Hafanyi hivyo kwa kisasi wala kwa jeuri.

Lakini mkimwona anachuchumaa mara kwa mara, analia, anajilamba sana chini, mkojo una damu au hautoki kabisa, huo ni ugonjwa. Paka dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

2. KWA NINI BADO ANANYUNYIZA?

Kuhasi huondoa chanzo cha homoni ya udume. Homoni hiyo hupungua mwilini ndani ya siku chache, lakini tabia iliyokwisha kuzoeleka huweza kuchukua wiki kadhaa kupotea. Wengi huacha. Hata hivyo, takriban dume mmoja katika kila 10 waliohasiwa huendelea, na kwa majike ni mmoja katika 20. Kwa hao sababu kubwa ni wasiwasi: paka mgeni, kuhama nyumba, vitu kuhamishwa, au paka wengi kugombea chakula na mahali pa haja.

Kwetu sisi sababu ilikuwa dirishani. Dume la jirani lilikuwa likija kila magharibi kula makombo tuliyoyamwaga nje, na paka wetu akilitazama kupitia kioo cha chini.

3. KUSAFISHA

Hapa wengi tunakosea. Wapo wanafunzi waliosema kuwa mahali hapo paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya mbwa na nguruwe. Mate ya paka ni tohara, kwa hadithi mashuhuri ya Abu Qatada (r.a.), lakini mkojo wake ni najisi ya kati. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata, yafanyike haya:

(a) Kwanza iondolewe najisi yenyewe. Futeni kwa kitambaa, kisha sugueni kwa maji na sabuni ya unga mpaka rangi na harufu viondoke. Kikibaki kidogo kisichoondoka baada ya juhudi, hicho kinasamehewa.

(b) Kisha mmiminie maji safi juu yake. Msiutumbukize mswala katika beseni la maji machache, kwani maji yote yatanajisika.

(c) Anikeni juani. Jua hukausha, lakini kwetu sisi jua peke yake halitoharishi.

Udi na marashi havitoharishi pia, hufunika tu. Na pua ya paka haidanganyiki. Ikibaki harufu ya mkojo wake, atarudi kuweka alama pale pale. Kwa hiyo usafi unaotakiwa na sala ndio huo huo unaomzuia paka asirudie.

Tahadhari: msimwagie mkojo dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu.

4. KUONDOA SABABU

Tuliacha kumwaga makombo karibu na dirisha. Tukaziba kioo cha chini kwa karatasi nene. Tukaweka beseni lenye udongo mkavu na maranda katika pembe tulivu, mbali na chakula chake, na zamu ya usafi huondoa uchafu kila siku. Kanuni ni beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Bakuli lake la chakula tukaliweka pale pale alipokuwa akinyunyiza, baada ya kupasafisha, kwa sababu paka hapendi kuchafua anapolia.

5. MSIMPIGE

Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo humzidishia wasiwasi, na wasiwasi ndio unaomfanya anyunyize. Kumbukeni pia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa kwa njaa. Kumtupa katika mji asioujua paka aliyezoea kulishwa, tunaogopa kusije kukawa karibu na hilo.

HITIMISHO

Wiki ya kwanza alinyunyiza mara tatu, na ya pili mara moja. Kisha tukakaa mwezi mzima hatuoni kitu, mpaka siku tulipopaka rangi ukuta, akanyunyiza tena. Tuliosha, tukamwacha azoee, akaacha. Huenda yakatokea tena, nasi sasa tunajua la kufanya. Misahafu tumeihamishia rafu ya juu, na mzazi wetu yule aliyetaja gunia ndiye aliyetuletea maranda.

Wabillahi tawfiq.