Katika mzigo wa shamba, weka na burudani ya nyumba

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Katindiuka, au wa sehemu yoyote ya Ifakara na bonde la Kilombero, hapana haja ya kukueleza maana ya kuhamia shamba. Mvua za kupandia zinapokaribia, familia nyingi hufunga mizigo na kuelekea mbugani, ambako zitakaa katika vibanda na madungu kwa majuma, pengine kwa miezi, zikilima mpunga, zikipalilia na kuwinga ndege hadi siku ya kuvuna. Jembe, mbegu, sufuria, chumvi na chandarua havisahauliwi. Jambo moja husahauliwa karibu kila mwaka, nalo ni hili: jioni zitapitaje?

Jambo hili si dogo. Mchana kutwa mzazi ameinama na mtoto ameinama, kila mmoja katika mstari wake. Usiku ndio wakati pekee wa kutazamana usoni. Lakini kama nyumba ina simu moja, baba ataishika kwa ajili ya mpira, kijana mkubwa ataiomba kwa ajili ya picha zake, na wadogo watalala bila kuambiwa neno lolote ila "nyamazeni". Hivyo msimu mzima waweza kupita, mzazi na mwanawe wakiwa chini ya paa moja la nyasi, wasijuane zaidi ya walivyojuana siku walipotoka nyumbani.

Mapendekezo yafuatayo ni yangu mwenyewe, nawe una hiari ya kuyapokea au kuyakataa. Mizani niliyotumia ni moja. Burudani ya familia ni ile ambayo mzazi huingia pamoja na mtoto, na wote wawili wakatoka na la kuzungumza. Kitu ambacho mtoto ameachiwa peke yake ili mkubwa apate kupumzika, hata kiwe kizuri namna gani, bado hakijawa cha familia.

HADITHI ZA SAYANSI

Nianze na hadithi za kubuni za kisayansi, yaani zile zinazouliza: itakuwaje kama binadamu ataweza jambo ambalo leo haliwezi? Wako wanaodhani kuwa hadithi za namna hii ni mali ya Wazungu na vyombo vyao vya angani. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1951 Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi inayoelea angani, yenye wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao. Walirudi na maarifa hayo, na malipo yao yakawa adhabu. Msomee mtoto safari ya mjumbe mmoja kila jioni, kisha muulize kwa nini watu humwadhibu aliyewaletea jambo jema. Mtapata mazungumzo ya usiku kucha.

Kijana wa sekondari mpe Walenisi ya Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995. Humo msomaji husafirishwa kwa chombo cha ajabu hadi nchi ambayo jina lake, ukilikata vipande, linasema "wale ni sisi". Kitabu hiki kinataka msomaji mvumilivu, lakini kinamlipa.

Kama simu yenu inaweza kuhifadhi filamu, itafuteni mngali mjini ile iitwayo Pumzi, iliyotengenezwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009. Urefu wake ni dakika zipatazo 20 tu. Inaonyesha Afrika Mashariki ya siku zijazo, baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho lao na mkojo wao vikisafishwa ili vinywewe tena. Dada mmoja aitwaye Asha anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, na anatoka nje jangwani kwenda kuipanda. Maneno yake ni machache na ni ya Kiingereza, hivyo mkubwa mmoja aweza kuyafafanua bila taabu.

Sijui mahali panapofaa zaidi kuitazama filamu hiyo kuliko Kilombero. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka katika bonde hili. Mtoto aliyezaliwa Katindiuka ameyaona maji yakijaa hadi mlangoni, na ni vigumu kwake kuamini kuwa yanaweza kwisha. Filamu itamwuliza swali ambalo pengine wewe mzazi hujapata kumwuliza.

Tena, wakazi wa bonde hili wameishi na sayansi kwa karibu kuliko Watanzania wengi. Maabara ya Waswisi ilifunguliwa Ifakara mwaka 1957, nayo ndiyo iliyokua na kuwa taasisi kubwa ya utafiti wa afya tunayoijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto karibu 600 wa Idete, wenye umri wa mwaka 1 hadi 5, walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Majaribio ya mahali pengine hayakuleta matumaini hayo, na chanjo ile ikaachwa. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza, kwa mara ya kwanza, chanjo nyingine ya malaria itumike kwa watoto wa Afrika. Mama wa Idete aliyempeleka mwanawe siku zile alikuwa ndani ya hadithi ya kisayansi ambayo hakuna aliyeujua mwisho wake. Mweleze mtoto hayo chini ya chandarua, huku mbu wakiimba nje.

MUZIKI WA ROHO

Pendekezo langu la pili huenda likawashangaza wazee. Ni muziki wa soul, neno ambalo maana yake ni roho. Wazee watakumbuka kuwa mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani uliupiga marufuku muziki huu katika Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Nia ya kulinda utamaduni wa taifa changa ilieleweka. Lakini ukizisikiliza nyimbo zenyewe leo, utakuta nyingi ni sauti za watu weusi wa Marekani waliokuwa wakidai utu wao, jambo ambalo sisi tulikuwa tukilihubiri.

Msikilize Sam Cooke katika A Change Is Gonna Come, wimbo alioutoa mwaka 1964, mwaka ule ule aliofariki akiwa na miaka 33. Aliutunga baada ya yeye na wenzake kukataliwa katika hoteli kwa sababu ya rangi yao. Wimbo unaanzia kando ya mto, na mtu wa Kilombero hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Kisha sikiliza Lean on Me ya Bill Withers, wa mwaka 1972. Withers alitoka katika eneo la wachimba makaa ya mawe, na wimbo wake unahusu jirani anayemwegemea jirani. Waliowahi kusaidiana kulima na kuvuna wataujua mara moja. Mwimbaji huyo alifika Kinshasa Septemba 1974, pamoja na James Brown, katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Hata nyumbani muziki huo ulipata wana. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam iliuchanganya na midundo ya Kiafrika, na mwaka 1976 ikatoa sahani yake ya Ave Africa. Usimsahau pia Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Gitaa lake halikuitwa soul, lakini roho ilikuwamo.

Ni kweli kwamba zipo nyimbo za soul zisizofaa kusikilizwa mbele ya watoto, kama zilivyo katika kila aina ya muziki. Dawa yake ni mzazi kusikiliza kwanza, kisha kuchagua. Anayekataza bila kusikiliza na anayeachia bila kusikiliza wamefanya kosa lile lile.

REDIO NA VITENDAWILI

La mwisho ni jepesi. Waliokua na Radio Tanzania wanakumbuka Mama na Mwana, na vituko vya Pwagu na Pwaguzi. Redio moja iliwakusanya wote, na kicheko kilikuwa cha nyumba nzima. Katika zama hizi wako Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Kaa uzitazame na mwanao, umwache yeye akufundishe hesabu hizo. Na chaji ya simu ikiisha, vitendawili havihitaji chaji.

Basi, msomaji, mzigo wenyewe hauzidi kilo moja: kitabu kimoja, nyimbo tano au sita zilizohifadhiwa katika simu, filamu moja fupi, na kumbukumbu ya hadithi ulizosimuliwa na bibi yako. Gawaneni jioni. Leo achague baba, kesho mama, na siku ya tatu achague mtoto mdogo kuliko wote, na wakubwa wakae wasikilize hadi mwisho. Mpunga utavunwa na kuuzwa, fedha zake zitakwisha. Mtoto aliyezoea kuulizwa maoni yake atarudi nayo Katindiuka, na atakuja kukuambia mambo mengine ambayo asingethubutu kuyasema.