Bunia–Kampala: usiku wa raha uliokula faida ya vitenge

Wakaaji wengi wa Bunia wanaokwenda Kampala kutafuta bidhaa hujitengea pesa kidogo ya usiku mmoja wa raha. Inaeleweka. Tangu état de siège ilipotangazwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021, usiku wa mji wetu umekuwa mfupi, na wengi huondoka kwenye nganda kabla raha haijakolea. Kampala, kwa masimulizi ya waliotangulia, hailali.

Njia yenyewe inachosha: barabara ya taifa nambari 27 hadi Mahagi, mpaka wa Goli, kisha Nebbi, daraja la Pakwach juu ya mto Nili, na basi la usiku hadi Kampala. Mwezi uliopita nilisafiri hivyo pamoja na mama mmoja anayeuza vitenge hapa Bunia. Jioni ya pili tukaenda Kabalagala, mtaa unaojulikana kwa mabaa yake.

Tulichagua mgahawa wenye taa nyingi na vitambaa mezani. Baraza la mawaziri la Uganda liliridhia mwezi Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini habari hiyo ilikuwa haijafika kwenye meza yetu. Mhudumu alitabasamu, akaenda kumwita mlinzi wa mlangoni atutafsirie. Pale Kampala, kwa miaka mingi Kiswahili kimehesabiwa kuwa lugha ya askari.

Tuliagiza samaki mzima na bugali. Baada ya saa moja na nusu kikaja kisamaki cha kiganja, kimekaushwa na mafuta hadi mifupa, kando ya mlima wa matoke. Hilo la matoke si kosa la mtu: kwa Waganda, matoke, posho na viazi ndivyo chakula chenyewe, na kinachobaki ni mchuzi tu wa kukisindikiza. Lakini samaki! Sisi ni watu wa Ziwa Albert. Tchomia na Kasenyi ziko kama kilometa 60 kutoka Bunia, na samaki wa huko tunamjua kwa macho hata kabla hajafika kwenye sahani. Mama alimgeuza yule mara mbili kwa uma, akamfunika na tambi la ndizi.

Bei iliyoandikwa ilikuwa shilingi 45,000, karibu dola 12, kwa kila sahani. Fakture ikaleta 53,100, kwa sababu maandishi madogo chini ya karatasi yalisema kodi ya asilimia 18 haimo. Mama akatoa dola. Noti ya zamani ikakataliwa, na zile ndogo ndogo zikapokelewa kwa kiwango cha chini. Anayekwenda kule abebe noti mpya za 50 au 100, na abadilishe mchana kwenye ofisi ya kubadili pesa, si mezani.

Kwenye baa ya jirani tulilipa kiingilio ili kusikia muziki wa nyumba mbili ukigongana hewani. Hakuna aliyecheza. Vijana walikuwa wameangalia simu, na bia mbili zilipanda bei kati ya ile ya kwanza na ya pili. Tulirudi hotelini kwa bodaboda kabla ya saa saba. Mama akahesabu kwa vidole: usiku ule ulikuwa umekula faida ya vitenge kumi. Watoto wake wawili wanasubiri pesa ya shule.

Kesho yake tulipita Katwe, ambako Wakongomani wengi wanaishi. Ndani ya chumba kisicho na jina mlangoni, mama wa malewa alikuwa anauza sombe, makayabu na bugali wa mihogo. Tulikula kimya. Mwenzangu aliuliza neno moja tu, mawese yale yametoka wapi, na alipoambiwa ni ya upande wa Beni, akaomba aongezewe kijiko.