Chuma Kinachoelea

Msumari ukiudondosha katika ndoo ya maji unazama papo hapo. Meli ni mabati na mitambo ya mamia ya tani, nayo inaelea. Wapo wanaodhani ni kazi ya injini. Sivyo, izime, na meli itabaki juu ya maji.

Chukua karai tupu, liweke majini. Linashuka kidogo, linasukuma maji pembeni, na maji nayo yanalisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes, yule Mgiriki wa kale. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ya chuma ina karibu 7,800. Kwa hiyo maji anayoyasukuma msumari ni mepesi kuliko msumari wenyewe. Karai limebeba hewa tumboni, ndiyo maana linasukuma maji ya kulitosha.

Lakini kuelea wima ni jambo jingine. Meli ikiinama, ubavu ulioshuka unazama zaidi, na msukumo wa maji unahamia upande huo na kuinua meli irudi. Hayo hutokea iwapo uzito uko chini. Mabaharia wa majahazi wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana jahazi tupu hutiwa farumi. Ukirundika mizigo na watu juu, meli ikiinama uzito nao unaangukia upande ule ule, na msukumo wa maji haufui dafu. Abiria wakikimbilia upande mmoja kuangalia gati, mambo huwa mabaya zaidi, maana mzigo wenye miguu haufungiki kwa kamba.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli iliyoruhusiwa kuchukua watu 430, ilipinduka katika Ziwa Viktoria ikielekea Mwanza, ikiwa imezidisha abiria. Mamia walikufa. Wengi wetu tunakumbuka kwamba haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati.

Kilichoishikilia kilikuwa hewa. Bonyeza glasi kifudifudi ndani ya maji, utaona maji hayaijazi. Hewa ile imebanwa na maji yaliyo chini yake, hivyo kani yake ni kubwa kuliko ya hewa ya nje. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walikata tundu juu ili wawatoe watu. Hewa ikatoka kwa kasi, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikazama. Siwalaumu, aliyesikia kugonga kule angefanya nini? Ila glasi ile yenye tundu kitakoni mtoto wa shule anaweza kuijaribu nyumbani.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, cha watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Siku ya pili baada ya ajali, wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko hicho akiwa hai. Alikuwa karibu na injini, kichwa chake ndani ya hewa iliyobaki.