Shavu Limevimba, Jino Limeng'olewa, Uvimbe Umebaki

Mtu akivimba shavu la juu hapa Kitale au kule Bungoma, jino ndilo hulaumiwa kwanza. Hung'olewa, mgonjwa akapewa dawa ya kuua viini, akarudi shambani. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Wasiwasi wangu ni kwa wale ambao jino lao halikuwa na kosa.

Miongoni mwao wamo wenye keratosisti, fuko la majimaji linaloota ndani ya mfupa wa taya, kutokana na masalia ya chembechembe zilizounda meno. Ganda lake ni jembamba, huraruka likitolewa, na kandokando yake huota vifuko vingine. Kikisalia kipande, uvimbe hurudi. Kwa ukaidi huo, mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani liliuhesabu miongoni mwa tyuma, yaani uvimbe wa chembechembe zinazoongezeka ovyo, kisha mwaka wa 2017 likaurudisha kwenye kundi la mafuko.

Taya la juu huuficha vizuri mno. Juu ya magego kuna uwazi wa hewa unaopakana na pua na jicho. Fuko huujaza bila maumivu, na shavu linapotokeza, huenda pua imeziba na meno yamesogea.

Kwa hiyo picha itangulie koleo. Eksirei ianze, picha ya CT ionyeshe mipaka, kisha kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe maabara. Kwa mtoto, nasisitiza zaidi. Eneo letu lina malaria, na taya lililovimba ghafla, meno yakilegea, laweza kuwa saratani inayohusishwa na malaria, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka wa 1958 baada ya kuwaona watoto wa Uganda. Hiyo hutibiwa kwa dawa za saratani wala si kwa kisu, na kila wiki ina thamani.

Keratosisti ndogo hutolewa yote na mfupa ukakwanguliwa. Kubwa hutobolewa dirisha, ikawekwa mrija, na mgonjwa akaisafisha kwa maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Hunywea, ganda likawa nene, ndipo hutolewa bila kuhatarisha jicho.

Baadaye kuna miaka mitano au zaidi ya kupigwa picha, na hapo ndipo wengi hupotea. Nauli ya Endebess au Kimilili hadi kwa mpasuaji wa Eldoret ni mzigo kwa mtu asiyesikia maumivu. Picha hizo zingeweza kupigwa Kitale na Bungoma, zikatumwa kwa mpasuaji huyo azisome.